Seli Zilizokataa Kutembea

Kila siku ya kuchinja, Georgette alikuwa mtu wa kwanza kuamka nyumbani kwao. Alichota maji bombani, akayamimina kwenye pipa nyuma ya banda, akasugua meza ya saruji kwa brashi na sabuni, kisha akawasha moto chini ya sufuria kubwa. Baba yake, Papa Eliezeri, alikuwa mchinjaji wa nguruwe karibu na soko la Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini, Kongo. Georgette mwenyewe alizaliwa hapohapo Nakivale, na sasa alikuwa darasa la sita.

Kazi ya banda aliizoea. Kitu kimoja tu hakukizoea: minyoo. Mara nyingi baba yake alipofungua utumbo wa nguruwe, minyoo mirefu myeupe ilijitokeza ikijinyonganyonga, na Georgette aligeuza uso. Mwaka uliopita mdogo wake Natanaeli aliumwa tumbo hadi likavimba kama ngoma. Zahanati ya Base Camp ilimweka kwenye gari la wagonjwa, akapelekwa Mbarara, na huko madaktari wakampasua. Ndani ya utumbo wake walikuta fundo la minyoo lililoziba njia. Natanaeli alipona, lakini mama yao hakusahau zile siku alizokaa kwenye benchi la hospitali akisali bila kula.

Ndiyo maana Marcienne alipokuja kuomba msaada, Georgette alikuwa wa kwanza kukubali.

Marcienne alikuwa binti wa Kirundi aliyekulia nyumba chache kutoka kwao. Alisoma kwa bidii hadi akafika chuo, na sasa alikuwa akifanya utafiti katika maabara moja ndogo huko Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi, mjini Mbarara. Georgette alimwita yaya, kama watoto wa Kikongo wanavyowaita dada zao wakubwa.

"Nahitaji minyoo hai," Marcienne alimwambia Papa Eliezeri. "Iliyotoka tumboni mwa nguruwe muda huohuo. Minyoo ya nguruwe ni ndugu wa karibu wa ile inayoingia kwa watu."

"Minyoo iko mingi hapa," Papa Eliezeri alijibu. "Lakini utaifanyia nini?"

Marcienne alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaeleza. Alisema kwamba kwa wanyama wengi, seli za kiume, zile zinazokutana na yai ili kiumbe kipya kianze, huwa na mkia, nazo huogelea. Seli za mnyoo dume hazina mkia. Zina kitu kama mguu bapa, nazo hutambaa.

"Zinatambaa namna gani?" Georgette aliuliza.

"Umewaona watu wakivuka tope la ziwa kwa vipande vya mbao? Mtu anaweka ubao mbele, anaukanyaga, anageuka kuokota ule wa nyuma, anauweka mbele tena. Ndani ya ule mguu mna protini inayofanya hivyo. Inajiunga na kuwa nyuzi upande wa mbele, na upande wa nyuma nyuzi zinabomoka, protini inarudi kutumika tena. Seli inasonga. Mbao zikikwama, msafiri naye amekwama."

"Na sisi watu?"

"Seli zetu hazitembei kwa protini hiyo. Hapo ndipo penye tumaini langu. Dawa mnayopewa shuleni inaua minyoo iliyo tumboni, lakini mayai yaliyoanguka kwenye udongo hubaki, na mtoto asiyenawa mikono huyameza tena. Nikipata kitu cha kukwamisha zile mbao bila kumdhuru mtu, minyoo itataga mayai yasiyo na uhai."

Alitoa mfukoni mwa begi thamosi mbili kama za chai, moja nyekundu na nyingine ya bluu. Minyoo ingewekwa humo katika maji ya chumvi yenye joto la tumbo la nguruwe. Ile ya thamosi nyekundu isingetiwa kitu chochote. Ile ya bluu ndiyo ingetiwa dawa ya majaribio, kisha angelinganisha.

"Jambo moja, Georgette," alisema. "Usifungue njiani. Protini ni kitu dhaifu. Umeona ute wa yai ukiingia kwenye mafuta ya moto? Ukishaiva haurudi tena kuwa maji. Minyoo isipoe, na isipate moto kupita kiasi."

"Nimeelewa, yaya."

Jumamosi iliyofuata Papa Eliezeri alichinja mapema. Alivaa glavu, akapasua utumbo kwa uangalifu, akaanza kuchagua. Marcienne alikuwa amemfundisha kutambua madume: ni madogo kuliko majike, na mikia yake imejikunja kama ndoana. Aliyagawa katika thamosi zote mbili, akafunga vifuniko, akanawa mikono hadi viwikoni. Kisha akazifunga thamosi kwa blanketi.

"Beba hizi kama mutoto mchanga," alimwambia Georgette. "Zisimame wima. Na usizifungue hata fasi moja ya njiani. Ulisikia vile Marcienne alisema."

"Nilisikia, Papa."

Gari lilikuwa pikapu ya Mzee Pontien, aliyekuwa akipeleka nyama kwenye bucha moja huko Ruti, Mbarara. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Patient, mtoto wa mama mkubwa wa Georgette, naye aliomba kwenda kuuona mji. Walikaa watatu mbele. Georgette alipakata blanketi lake mapajani na kuvuta pumzi polepole kila gari liliporuka shimo.

Walipokaribia mji wa Isingiro, gari liliyumba na kuanza kukokota upande mmoja. Mzee Pontien alilisogeza kando ya barabara, karibu na vibanda vichache, akashuka kuangalia.

"Pancha," alisema. "Na gurudumu la akiba nalo limeisha upepo. Kaeni hapa, namtafuta fundi."

Aliondoka akilivingirisha gurudumu. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Patient alilitazama blanketi kwa muda, kisha akasema, "Nionyeshe."

"Yaya Marcienne alikataza."

"Tunafungua, tunaona, tunafunga. Nani atajua?"

Georgette alikataa. Lakini ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alitaka. Tangu asubuhi alikuwa akijihisi mtu mkubwa kwa sababu ya mzigo ule, na kuna raha fulani katika kumwonyesha mwenzako kitu ambacho umekabidhiwa wewe peke yako. Alifungua blanketi, akachagua thamosi ya bluu, akazungusha kifuniko.

"Sogea, usiiguse," alisema.

Patient aliinama. Wakati huohuo pikipiki ilipita karibu kabisa na dirisha ikipiga honi kwa nguvu. Patient alishtuka, kichwa chake kikagonga mkono wa Georgette, na thamosi ikapinduka. Maji ya uvuguvugu yalimwagika kwenye gauni lake, kwenye kiti, hadi chini. Minyoo kadhaa ilianguka sakafuni mwa gari na kuanza kujikunja vumbini.

Georgette alianza kufanya haraka. Alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akaokota minyoo mmoja mmoja akairudisha. Alitikisa thamosi. Maji yaliyobaki hayakufika hata robo.

"Itapoa," alisema. "Itapoa, Patient, itakufa."

"Tia maji mengine."

Kwenye kibanda cha jirani mwanamke mmoja alikuwa akiuza chai. Birika lake lilikuwa juu ya sigiri likitoa mvuke. Georgette alishuka na thamosi.

"Mama, naomba maji ya moto."

"Ya chai?"

"Ndiyo."

Mwanamke alimimina bila kuangalia ndani. Mvuke ulipanda. Minyoo yote ilijinyonga kwa pamoja, ikatetemeka, kisha ikalegea. Hapo ndipo Georgette alipokumbuka lile yai kwenye mafuta ya moto. Alikimbia garini, akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akaongeza maji baridi mpaka thamosi ikajaa. Alichovya kidole. Sasa ilikuwa vuguvugu. Alisubiri. Baada ya muda mnyoo mmoja ulisogeza mkia wake kidogo, kwa uvivu.

"Unaona?" Patient alisema. "Iko hai."

Georgette alifunga kifuniko kwa nguvu. Walifuta kiti kwa kitambaa, na gauni likakauka kwa upepo wa dirishani. Mzee Pontien aliporudi na gurudumu lililojazwa, aliwatazama.

"Mbona mmenyamaza hivyo? Kuna shida?"

"Hakuna shida, Mzee," Georgette alijibu.

Njia iliyobaki hakuona kitu nje ya dirisha.

Maabara ya Nyamitanga ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza nyeupe na harufu ya spiriti. Marcienne aliwapokea mlangoni akiwa amevaa koti jeupe. Alikuwa na haraka. Hadubini kubwa iliyokuwa pembeni, iliyounganishwa na skrini, ilikuwa ya idara nyingine, naye alikuwa ameruhusiwa kuitumia siku hiyo tu. Karibu na dirisha alikaa mwanamume mwenye mvi chache, Daktari Kabanda, msimamizi wa utafiti wake. Begi lake la safari lilikuwa miguuni. Alasiri hiyo alikuwa anakwenda Kampala, na huko angesimama mbele ya watafiti wenzake kueleza kazi ya Marcienne imefikia wapi.

Marcienne alitumbukiza kipimajoto katika thamosi ya kwanza, kisha ya pili. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Joto liko sawasawa kwa zote. Umefanya kazi nzuri sana, Georgette. Hamkufungua njiani?"

Patient aliangalia viatu vyake.

"Hapana, yaya," Georgette alisema.

Maneno yalitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Marcienne alimwaga minyoo ya bluu kwenye sahani ya kioo, akaigusa kwa kibano.

"Hii imelegea kidogo. Labda ni uchovu wa safari."

Aliwapa watoto viti na kuwaambia wasiguse kitu. Yeye alivaa glavu, akapasua minyoo kwa mkasi mdogo mno, akatoa majimaji meupe, akayachanganya na vimiminika vya kwenye vichupa. Kutoka kwa minyoo ya thamosi nyekundu alipata tone lisilotiwa dawa. Kutoka kwa minyoo ya bluu alipata tone lililotiwa dawa. Alifanya kazi bila kusema neno. Daktari Kabanda naye alikuja kusimama nyuma yake.

"Tuanze na hili lisilo na dawa," Marcienne alisema.

Skrini iliwaka. Mwanzoni Georgette aliona duara za kijivu tu. Kisha moja ikasogea. Ilikuwa na mwili mviringo, na mbele yake mguu mpana, mwembamba, unaong'aa ukingoni. Mguu ulijinyoosha polepole na kuuburuta mwili nyuma yake. Ndani ya mguu kulikuwa na mistari, kama ukili unaosukwa, ikianzia ukingoni na kurudi nyuma, ikianzia na kurudi. Nyingine nayo ikasogea, na nyingine, mpaka skrini nzima ikawa na viumbe vinavyotambaa kila upande.

Kwa muda Georgette alisahau hofu yake. "Ndizo zile mbao," alinong'ona.

"Ndizo," Marcienne alisema. "Sasa zilizotiwa dawa."

Alibadilisha kioo, akazungusha kitufe. Duara za kijivu zilijitokeza. Zilitulia. Walisubiri. Hakuna hata moja iliyonyoosha mguu. Zilikaa kama punje za mtama zilizomwagwa mezani. Marcienne alisogeza kioo kushoto, akakisogeza kulia, akatafuta ukingoni. Kote zilikuwa zimetulia.

Alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Aligeuka kumtazama Daktari Kabanda.

"Imezuia," alisema. "Daktari, imezuia zote."

Daktari Kabanda aliinama karibu na skrini, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha tabasamu likamjia polepole.

"Mimi nilifikiri labda itapunguza kidogo," alisema kwa Kiswahili chake cha Mbarara. "Lakini hii... hii ni kitu kubwa. Mimi nataka kuonyesha watu hii picha Kampala. Tuma kwa simu yangu sasa, kabla naenda."

Marcienne alimkumbatia Georgette kwa kiwiko, kwa sababu glavu zilikuwa bado mikononi. "Umesaidia kuleta kitu hiki," alimwambia. "Nilikuwa hapa Mbarara siku ile mlipomleta Natanaeli. Nilikaa na mama yako kwenye benchi. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jambo hili. Siku moja udongo wa Nakivale utakuwa safi, na hakuna mama atakayekaa kwenye lile benchi kwa sababu ya minyoo."

Georgette hakuweza kumtazama. Alitazama skrini. Zile seli zilikuwa zimetulia, na yeye na Patient peke yao ndio waliojua kwamba kabla ya kutiwa dawa zilimwagiwa maji ya birika. Labda dawa ilikuwa imezizuia kweli. Labda ilikuwa nzuri kama Marcienne alivyosema. Au labda zilikuwa zimeshaiva kabla hazijafika Nyamitanga.

Patient alimkanyaga mguu chini ya meza. Georgette alijua maana yake: nyamaza, kila mtu amefurahi.

Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Kila mtu alikuwa amefurahi. Kama minyoo ingekufa na Marcienne akakasirika, ingekuwa afadhali. Nani huvunja furaha ya mtu aliyeitafuta mwaka mzima? Aliwaza kwamba angemwambia baadaye, wakiwa wawili tu, labda wiki ijayo. Lakini simu ya Daktari Kabanda ilitoa mlio, picha ikawa imeingia. Aliitazama, akaitia mfukoni. Nje, dereva wake aliwasha gari. Daktari alifunga zipu ya begi, akalinyanyua.

Georgette alimwona Natanaeli akinywa dawa isiyofanya kazi. Alimwona mama yake akilala usingizi mzuri, akiamini kwamba mambo yamekwisha, huku minyoo ikiendelea na kazi yake kama kawaida.

Daktari alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Nilifungua," Georgette alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini wote wawili waligeuka.

"Umefungua nini?" Marcienne aliuliza.

"Thamosi ya bluu. Njiani, gari lilipopata pancha. Maji yalimwagika. Niliogopa itapoa, nikatia maji ya moto ya birika. Minyoo ilijinyonga, ikalegea. Nikaongeza maji ya baridi." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, lakini aliendelea, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Yaya, ulipouliza nilikudanganya."

Tabasamu la Marcienne lilibaki usoni kwa muda kidogo, kana kwamba halikupata habari, kisha likaondoka. Alivuta kiti, akakaa.

Patient alijifuta pua kwa mkono. "Mimi ndiye nilimwambia afungue," alisema.

Daktari Kabanda aliweka begi chini. Alitoka akamwambia dereva azime gari, akarudi, akavuta kiti mbele ya Georgette.

"Wewe mtoto, hapana ogopa. Sema pole pole. Ile maji, ilikuwa inatoa moshi?"

"Ndiyo."

"Minyoo ilikaa ndani ya ile maji moto muda gani?"

"Mpaka nilipokimbia garini na kurudi."

Aliuliza mengine, na Georgette akajibu kila swali kama lilivyokuwa, bila kupunguza. Daktari alimgeukia Marcienne.

"Na wewe," alisema, "kwa nini thamosi moja yote kwa dawa, na nyingine yote bila dawa? Ungechanganya minyoo ya zote mbili kwanza, halafu ugawe. Kitu kikiharibika, kinaharibika pande zote, na wewe unaona."

"Ni kweli, Daktari," Marcienne alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na haraka."

"Haya. Iko minyoo ya bluu imebaki, haijatiwa dawa?"

Ilikuwepo. Marcienne alisimama. Alipasua mnyoo mwingine wa bluu, akaandaa tone bila dawa yoyote, akaliweka chini ya hadubini. Wote wanne walikusanyika mbele ya skrini.

Seli zilijitokeza. Zilitulia. Walisubiri, na hakuna iliyonyoosha mguu.

"Bila dawa, na bado hazitembei," Daktari Kabanda alisema. "Basi ile tuliona kwanza, haikutuambia kitu. Sasa chukua za nyekundu, tia dawa."

Hapa ndipo Georgette aliposhika ukingo wa meza. Kama seli za nyekundu zingesimama, dawa ingekuwa ya kweli, na furaha yote ingerudi. Aliomba kimoyomoyo. Marcienne alitia dawa kwenye tone, akahesabu muda kwa saa yake ya mkononi, akaweka kioo. Skrini ilikuwa na ukungu, kisha ikawa safi.

Seli moja ilinyoosha mguu wake. Ikajivuta. Nyingine ikaifuata. Mistari ile ilianzia ukingoni na kurudi nyuma, kana kwamba hakuna dawa duniani.

Marcienne alitazama mpaka mwisho. Halafu akanyoosha mkono, akazima taa ya hadubini.

"Haifanyi kazi," alisema.

"Hii moja haifanyi kazi," Daktari Kabanda alimrekebisha. "Hizo dawa nyingine kwenye friji, bado hatujajaribu." Alitoa simu mfukoni, akaifuta picha ile huku wote wakimtazama. "Kampala nitasema vile iko. Wewe mtoto, sikiliza. Kukosea, sisi wote tunakosea, leo hata huyu dada yako amekosea. Lakini kosa ukiificha, inaanza kufundisha watu uongo. Mimi ningesimama mbele ya watu nikiifundisha, na sijui."

Alimpa mkono Georgette kama mtu mzima, akachukua begi lake, akaondoka.

Marcienne aliwasindikiza watoto hadi kwenye pikapu. Mzee Pontien alikuwa ameshateremsha nyama Ruti na kurudi kuwachukua. Karibu na gari Marcienne alisimama.

"Nimekasirika, Georgette, sitakuficha. Siku ya hadubini imeisha, na sijui nitapewa nyingine lini. Lakini kesho nitajaribu kupunguza hasira, na keshokutwa kuipunguza zaidi." Alimshika bega. "Anayejua kwamba dawa yake haifai anaendelea kutafuta. Anayedhani amepata, haamki tena kutafuta. Mimi bado natafuta, kwa sababu ulisema."

Georgette aliitikia kwa kichwa.

Walifika Nakivale jua likiwa bado juu ya vilima. Papa Eliezeri alikuwa akinoa visu nje ya banda, na Natanaeli alikuwa akicheza karibu naye. Georgette hakungoja aulizwe. Alimweleza baba yake yote, kuanzia pancha hadi skrini ilipozimwa. Papa Eliezeri aliendelea kunoa mpaka aliposikia habari ya birika, hapo akaacha.

Alipomaliza, baba yake aliuliza, "Ulisema mbele daktari hajaenda, ao nyuma ya yeye kwenda?"

"Mbele, Papa. Kabla hajatoka. Alikuwa ameshika mlango."

Papa Eliezeri aliangalia kisu chake, akakiweka mezani.

"Ukweli iko kama nyama hii yetu," alisema. "Ukiipeleka mapema, watu banakula. Ukiichelewesha, hata kama iko nyama ya kweli, haisaidie mutu tena. Ulikosa mara mbili leo, kufungua na kudanganya, na kwa hiyo wiki yote utasugua meza peke yako, na Patient atachota maji. Lakini ukweli uliifikisha kabla haijaoza." Aliinuka, akamwelekeza bombani. "Sasa nenda, nawa mikono na sabuni, wewe na mudogo wako. Mama yenu amepakua chakula."